Herufi Mbili

Sijui jina lako, nitakuita Jirani,
maana uliingia bila hodi ukajua kila chombo kilipo.
Ulijua Ijumaa saa tisa na nusu
kiwanda chetu cha minofu hapa Igogo kinanuka klorini,
akina mama wanavua mabuti meupe,
na mhasibu, yaani mimi, ana macho mekundu ya wiki nzima.
Ulijua tunadaiwa barafu.

Langoni Magesa alikuwa kazini.
Magesa hupitisha kioo chini ya kila gari,
hufunua hata hotipoti ya mkurugenzi,
na mbwa wake, Risiti, hamjui rafiki.
Wewe ulikuja ndani ya ankara
yenye nembo ya Ilemela Barafu, buluu ileile,
na pole za msiba wa shangazi yangu.
Hata msiba ulikuwa unaujua!
"Tumehama benki," ukaandika. "Akaunti mpya ni hii."

Kosa lilikuwa dogo kuliko jicho la dagaa.
Katika anwani, penye m ya Ilemela,
uliweka r na n, ukazibananisha
kama ndugu wawili wanaovuka Kamanga kwa tiketi moja.
Ilernela.
Isome haraka. Umeona?
Nami sikuona.

Milioni arobaini na moja, laki mbili.
Nikabonyeza, nikazima mashine,
nikapitia Mkuyuni kununua mchicha.

Jumatatu barafu haikuja.
Jumanne macho ya sangara yakaanza kuzama.
Jumatano wanawake sitini wa meza ya visu
wakaambiwa wasubiri nyumbani, wataitwa.
Nyanzobe akaniuliza, aproni mkononi:
"Kwani mwizi kaiba barafu?"
Nikasema ndiyo.
Ningemweleza nini kuhusu herufi?

Akaja Fabiani Masunga, kijana wa kompyuta,
na begi lake lenye nyaya nyingi kuliko nguo.
Akageuza kibodi yangu kichwa chini:
pale, kwa selotepu, nywila ya kiwanda,
jina letu na mwaka tuliofungua.
Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Alisema ulikaa ndani ya barua zetu siku arobaini, unasoma tu.
Siku arobaini, Jirani.
Kwetu huo ni muda wa kumaliza msiba;
wewe ndio kwanza ulikuwa unauandaa.

Akasema pia, akishusha sauti,
kuna kinu cha pamba, hakukitaja,
mafaili yake yote yalitiwa kufuli usiku mmoja
na wenyewe wakalipa fidia kimyakimya,
maana mteja akisikia, hukimbia.
Kwa hiyo kila mmoja wetu huibiwa peke yake.

Mwezi wa pili ukanipigia kwa sauti ya bosi.
Sauti yenyewe: ule ukwaruzo, kile kikohozi cha tumbaku,
hata Kisukuma anachochomekea akiwa na haraka.
"Lipa mzigo wa Entebe sasa hivi, tafadhali."
Tafadhali!
Bwana Lugembe ana miaka tisa ananiamuru,
neno hilo halijawahi kumtoka.
Nikakata simu. Nikacheka peke yangu ofisini,
kisha magoti yakaniishia nguvu.

Siku hizi hakuna malipo bila watu wawili,
bila tarakimu sita zinazokuja kwenye simu
na kufa kabla hujamaliza kupiga chafya.
Fabiani anasema tumepona.
Magesa ananiuliza kila asubuhi kama ni mimi kweli,
anadhani ni utani.

Jana usiku mama alipiga kutoka Ukerewe.
Mtandao unakatika, upepo unavuma ndani ya simu.
Kanitumia muhogo kwa meli ya asubuhi,
nimrushie elfu kumi ya makuli.
Kidole kikasita.
"Mama, yule mbuzi aliyezama tukiwa wadogo,
aliitwaje?"
Akanyamaza.
Nikasikia ziwa,
au kelele iliyotengenezwa ifanane na ziwa.
"Mwanangu," akasema, "umenisahau?"
Kisha, polepole, kama anayetafuta kitu kizani,
akalitaja jina la mbuzi.